Elimu ya Uhusiano wa Mataifa Yatufaa Nini Sisi wa Mlimani?



Wasomaji wetu watukufu, tangu mwaka huu uanze tumeulizwa swali moja na watu wa nyumba mbalimbali, wengine wa hapa mjini Moshi, wengine wa Uru, Kirua na Machame, hata tumeona yafaa tulijibu katika ukurasa huu ili faida ienee. Swali lenyewe ni hili: kijana amekwisha kupata shahada ya kwanza ya chuo kikuu, naye sasa ataka kuendelea mpaka shahada ya uzamili katika elimu ya uhusiano wa mataifa. Wazazi wamwuliza atasoma nini hasa, naye ajibu kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo ni nadharia. Hapo ndipo mabishano yaanzapo. Baba auliza nadharia zitaleta chakula gani nyumbani. Mama aona mwanawe atapotea katika miji ya mbali. Kaka yake aliyesoma dini kidogo asema kwamba hizo ni fikira walizozitunga Wazungu ili wautawale ulimwengu, na kwamba Mwislamu hana haja nazo.

Na juu ya yote hayo pana jambo zito zaidi, nalo ni karo. Katika nyumba moja kumetajwa kuuza nusu ya kihamba. Mtu wa mlimani hana haja ya kuelezwa uzito wa neno hilo. Kihamba si ardhi ya migomba na kahawa tu. Ni mahali walipozikwa wazee, na ni haki ya wale ambao bado hawajazaliwa. Basi si vyema kulijibu swali hili kwa mzaha, wala kwa kutaka kumpendeza kijana, wala kwa kutaka kumpendeza baba.

Sisi ni walimu wa madrasa. Elimu yetu ni Qur'ani na vitabu vya dini tulivyosomeshwa na masheikh zetu, pamoja na shule ya msingi. Hatukuingia chuo kikuu. Lakini miongoni mwa watoto tuliowafundisha alifu na be wapo waliofika huko, na warudipo likizo huja kutuamkia, nasi huwaomba watusomee na kutufasiria yaliyomo vitabuni mwao. Kwa njia hiyo tumesikia mengi ya elimu hii, tukayapima kwa yale tuyajuayo ya nchi yetu. Haya tuyasemayo ni matunda ya mabaraza hayo.

NADHARIA NI NINI

Neno lenyewe si geni kwetu. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kutazama. Nadharia ni namna ya kuyatazama mambo mengi yaliyotawanyika mpaka yaonekane yana utaratibu, na sababu zake zijulikane. Mkulima asemaye kwamba mawingu yakikaa upande fulani wa Mawenzi mvua haiko mbali, huyo ana nadharia. Na mwaka ambao mawingu yakakaa na mvua isinyeshe, nadharia yake imetiwa katika mizani.

Wasomi wa uhusiano wa mataifa nao wana swali lao kubwa. Ndani ya nchi moja pana serikali, polisi na mahakama. Mtu akidhulumiwa anapo pa kushtaki. Lakini juu ya nchi zote hakuna serikali. Basi ni kitu gani kiwazuiacho wenye nguvu wasiwale wanyonge kila siku? Na kwa nini ziko nyakati ambapo hawazuiliki?

Elimu hii ilipewa kiti chake cha kwanza katika chuo kikuu mwaka 1919, huko Aberystwyth katika nchi ya Wales, mara tu baada ya Vita Kuu vya mwaka 1914 hadi 1918. Watu walikuwa wamekufa kwa mamilioni, na waliobaki walitaka kujua jinsi ya kuzuia msiba kama ule usirudi. Wala vita hivyo havikuwa hadithi ya mbali kwetu. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalitoka Taveta yakaingia Moshi. Na Smuts huyo huyo, mwaka 1918, aliandika kijitabu cha kutaka pawe na Chama cha Mataifa. Na mpango wa udhamini, ambao yeye alikuwa miongoni mwa walioubuni, ndio baadaye ulioitia Tanganyika mikononi mwa Waingereza. Hivyo elimu hii ilipozaliwa sisi tayari tulikuwa ndani yake, ila hatukuwa wenye kalamu.

MFANO WA MFONGO

Kijana akifika katika masomo ya uzamili hukuta wasomi wamegawanyika makundi makundi. Tutayaeleza makundi hayo kwa mfano wa mfongo, kwani kila mtu wa mlimani aujua mfereji huo wa asili uteremshao maji kutoka msituni mpaka mashambani.

Kundi la kwanza ni la uhalisia. Mashuhuri wao ni Hans Morgenthau, aliyetoa kitabu chake mwaka 1948, na Kenneth Waltz, aliyetoa chake mwaka 1979. Hawa wakiutazama mfongo husema: mwenye shamba la juu ana maji yote mkononi mwake; akiwaachia wa chini ni kwa sababu awaogopa au awahitaji, si kwa sababu ya wema. Kwa hiyo kila mwenye akili na ajijengee nguvu yake, asitegemee huruma ya jirani.

Kundi la pili ni la uliberali, na miongoni mwa wazee wao ni Immanuel Kant, Mjerumani aliyeandika juu ya amani ya kudumu mwaka 1795. Hawa husema: tazameni vizuri, watu wa mfongo wana zamu, wana mkutano, wana faini, na wana siku ya kuufukua pamoja. Wa juu akiwanyima wa chini leo, kesho ukibomoka hatapata wa kumsaidia. Basi mikataba, biashara na vyama vya mataifa vyaweza kuwafanya watu wapatane hata pasipokuwa na serikali juu yao.

Kundi la tatu huitwa ukonstraktivisti, na mtu wao mashuhuri ni Alexander Wendt, aliyeandika makala yake maarufu mwaka 1992. Huyu husema kwamba kutokuwa na serikali juu ya mataifa hakuna maana moja. Maana yake huletwa na jinsi watu waonanavyo. Mwenye shamba la juu akimwona wa chini kuwa ni ndugu wa ukoo, maji yatapita. Akimwona kuwa ni adui, maji hayo hayo na mfereji huo huo vitaleta mapanga.

Kundi la nne ni la utegemezi, na hapa petu jina lake kubwa ni Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Huyu huuliza swali ambalo wengine wamelisahau: je, ni nani aliyeuchimba mfongo huu, na kwa nini miaka yote shamba moja ndilo liwalo juu?

Mwanafunzi wa uzamili hatakiwi achague kundi moja alifanye kuwa imani yake. Kazi yake ni kama ya mwanafunzi wa fikihi asomaye khitilafu za maimamu. Hatoshi kujua kwamba Imamu Shafi amesema hivi na Imamu Abu Hanifa amesema vile. Yampasa ajue kila mmoja alijenga juu ya msingi gani, na hoja yake yaishia wapi. Katika shahada ya kwanza mtu hufundishwa yaliyosemwa. Katika uzamili husoma vitabu na makala nyingi kila juma, hukaa na wenzake na mwalimu wakahojiana, na mwisho huandika tasnifu yake mwenyewe ambayo lazima aitetee kwa ushahidi. Huko ndiko kuzoea kusema kwa dalili, jambo ambalo masheikh zetu walilijua zamani.

MAMBO YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Asije mtu akadhani kwamba nadharia hizi ni za Washington na London peke yake. Tuyatazame mambo matatu yaliyotokea hapa hapa mlimani.

La kwanza ni la mwaka 1885. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, aliposikia kwamba Wajerumani wanazichukua nchi za bara, alimtuma jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, mpaka Kilimanjaro, nao wamangi wakakiri utii kwa Sultani. Mathews alipokwisha kuondoka alifika Carl Jühlke kwa niaba ya Wajerumani, na Mangi Rindi wa Moshi akatia mkono katika mkataba wake pia. Wako wanaomlaumu Rindi kwamba alikuwa kigeugeu. Lakini mtu wa uhalisia atasema kwamba mtawala mdogo aliyezungukwa na mahasimu, kama Mangi Sina wa Kibosho, alifanya kila mnyonge afanyalo: alitafuta mkubwa wa kuegemea. Hata hivyo hesabu zilikuwa zimefanywa mahali pengine. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana wao kwa wao; mpaka ukachorwa kutoka pwani, ukauzunguka mlima kwa kaskazini, Kilimanjaro ikawa ya Wajerumani na Taveta ikawa ya Waingereza. Hadithi ipendwayo na watalii, kwamba Malkia Viktoria alimpa mlima mjukuu wake kuwa zawadi, si ya kweli. Mpaka uliletwa na mapatano ya wenye nguvu, si na sikukuu ya kuzaliwa. Na kilichomfika Meli, mwana wa Rindi, chajulikana: Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Hapo ukonstraktivisti nao una la kusema: katika mikutano ya Ulaya ya miaka ile Mangi hakuhesabiwa kuwa mwenye dola, na asiyehesabiwa huandikiwa tu.

La pili ni kahawa. Wazee wetu walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Mwaka 1962 nchi zilizouza na nchi zilizonunua kahawa zilifanya mkataba wa ulimwengu, kila muuzaji akapewa kipimo chake ili bei isianguke. Marekani, mnunuzi mkubwa, iliukubali kwa kuwa baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959 iliogopa umaskini usiwatie wakulima wa Amerika ya Kusini katika ukomunisti. Julai 1989 vipimo hivyo vikavunjika, hofu ile ikiwa imekwisha kupungua, na bei ikaporomoka. Nyumba nyingi mlimani zilizokuwa zikisomesha watoto kwa kahawa ziling'oa mibuni zikapanda mahindi na mboga. Sasa tazama: mwenye uliberali atasema kwamba mkataba ulipokuwapo uliwafaa wanyonge. Mwenye uhalisia atasema kwamba uliishi muda ule tu ambao wakubwa waliutaka. Mwenye utegemezi atasema kwamba tatizo ni kubwa kuliko bei, maana sisi twauza buni mbichi na kuinunua tena imesagwa ndani ya kopo. Kila mmoja ameshika sehemu ya kweli. Na mzee aliyeng'oa mibuni yake bila kujua kwa nini bei imeanguka alistahili kuambiwa.

La tatu ni mkutano wa Moshi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mwanzo wa Novemba Amin akatangaza kwamba sehemu ile ni ya Uganda. Tanzania ikayafukuza, ikaendelea mbele. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 wakimbizi wa Uganda wa vyama mbalimbali walikutana katika mji wetu huu, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, na Lule akawa rais, ingawa hakudumu ila wiki chache. Katika mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania, kwani hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mwalimu Nyerere naye alikuwa na hoja yake, kwamba Tanzania ndiyo iliyoshambuliwa kwanza. Swali likabaki: je, heshima ya mpaka yamfunika hata mtawala auaye watu wake? Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, Waafrika walilijibu kwa maandishi. Hati ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000 yaruhusu umoja huo kuingilia kati penye mauaji ya kimbari, jinai za vita na jinai dhidi ya binadamu. Basi jambo lililojadiliwa Moshi halikuwa dogo.

KAULI YA KAKA

Sasa twaja kwa kaka asemaye kwamba elimu hii ni ya Wazungu. Twamwambia kwa upole: ndugu yetu, umekosa hesabu ya miaka. Imamu Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alifariki mwaka 189 wa Hijra, yaani 805 wa Miladi. Yeye aliandika vitabu vya siyar, navyo ni hukumu za uhusiano wa dola ya Kiislamu na dola nyingine: mikataba, amani apewayo mgeni, wajumbe na mateka. Tena yeye ni katika walimu wa Imamu Shafi, ambaye sisi twafuata madhehebu yake. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alitafuta sababu ya dola kuinuka na kuanguka, akaiona katika nguvu ya mshikamano wa watu. Na msingi wa mataifa kujuana umo katika Sura ya Al-Hujurat.

Tena kumbuka Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Masharti ya mkataba ule yalionekana kuwa mazito kwa Waislamu, na Sayyidna Umar mwenyewe aliona uchungu. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuheshimu mkataba, na amani ile ikafungua milango ambayo upanga haukuifungua. Asemaye kwamba Mwislamu hana haja ya kujua mapatano hufanywaje, amesahau sira aisomayo kila Mfungo Sita.

Na pana sababu nyingine, nayo yahusu hatari iliyo ndani ya nyumba zetu. Wakati wa vita vya Kagera wapo waliosema kwamba kwa kuwa Amin ni Mwislamu, na Uganda iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974, na Libya yamletea askari, basi hivyo ni vita vya dini. Lakini miongoni mwa waliokimbia nyumba zao Kagera walikuwamo Waislamu, na katika jeshi la Tanzania walikuwamo Waislamu. Vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 navyo vilianzishwa na majenerali wawili Waislamu wagombeao dola. Leo kijana hupata habari za vita katika simu yake usiku kabla ya kulala, na msemaji asiyemjua humwambia ni nani wa kuchukiwa. Asiyejua kutofautisha maslahi ya dola na haki ya dini atachukuliwa na kila upepo, na wako waliochukuliwa, wazazi wao wasiwaone tena. Elimu ifundishayo kuuliza "nani anafaidika, kwa njia gani, na ushahidi uko wapi" ni kinga.

Lakini twamwonya kijana pia. Nadharia ya uhalisia hueleza jinsi wenye nguvu wafanyavyo. Haiwi ruhusa ya kufanya hivyo. Daktari husoma ugonjwa ili aujue, si ili aupende. Asomaye kwamba mataifa hudanganyana asije akatoka akadhani kwamba uwongo umehalalishwa. Mizani ya haki na dhuluma haikuwekwa na profesa.

WALIOTUTANGULIA

Katika njia hii wako watu wetu waliotangulia. Profesa Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alisoma Manchester, kisha Columbia huko New York, kisha Oxford. Kitabu chake cha mwaka 1967 kiliuliza swali ambalo Wazungu hawakuliuliza: Waafrika watailindaje amani yao kwa mikono yao wenyewe? Alifundisha Makerere mpaka Amin alipomfanya mahali pale pasikalike. Alifariki Marekani mwaka 2014, akarudishwa kuzikwa Mombasa. Nadharia hazikumpokonya dini yake wala kwao.

Wa pili ni Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, alitumwa kuwa balozi Cairo. Tangu mwaka 1970 aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa, na angali kazini huko alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia akapata shahada ya uzamili mwaka 1975. Zingatieni: mtu amekuwa balozi miaka mingi, na bado aona yafaa aketi darasani. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 alipogombea Ukatibu Mkuu, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Kurt Waldheim, mpaka akapatikana mtu wa tatu. Mwenye uhalisia hapo hana haja ya kutafuta mfano mwingine. Lakini Salim hakukaa akalia; aliuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1989 hadi 2001, na hati ile ya kuingilia kati tuliyoitaja iliandikwa katika zama zake.

HUKUMU YETU

Basi tumjibuje mzee wa kihamba? Twasema mambo matano.

Kwanza, elimu hii ni ya halali na ina heshima, na nchi yetu yaihitaji. Arusha, ambayo si mbali nasi, ndiyo makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Wazee wa Holili na Tarakea wakumbuka mpaka ulivyofungwa mwaka 1977, jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na ulivyokaa hivyo hadi mwaka 1983, na ndugu wa upande huu wakashindwa kuwazika ndugu wa upande ule. Wako wa kutosha wa kushangilia jumuiya. Wanaojua kwa nini jumuiya huvunjika ni wachache.

Pili, kazi za ubalozi na za vyama vya mataifa ni chache, na wazitakao ni wengi. Kijana asimwahidi baba yake gari na nyumba. Aseme ukweli kwamba huenda akafundisha, au akaandika habari, au akafanya kazi katika serikali ya wilaya.

Tatu, kihamba kisiuzwe. Haki ya elimu ya mmoja haifuti haki ya ndugu zake na ya watakaozaliwa. Na mkopo wa riba tusiuguse. Njia nyingine zipo: kijana afanye kazi kwanza miaka miwili au mitatu aweke akiba, naye atasoma kwa akili iliyokomaa zaidi, au asome hapa nchini, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo, na Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978 na sasa chaitwa kwa jina la Dkt. Salim, kipo pia. Au ashindanie ufadhili kama wa Commonwealth na Chevening wa Uingereza, Fulbright wa Marekani au DAAD wa Ujerumani. Na jamaa wa msikiti mmoja, wakichanga kidogo kidogo kama wachangavyo harusi, wanaweza kumsomesha mtu.

Nne, akiwa ni binti, hukumu ni hiyo hiyo. Tumesikia wazazi wasemao kwamba karo ya mvulana ni akiba na karo ya msichana ni hasara. Hayo si maneno ya dini. Na atunzwe, na achaguliwe mahali pa kukaa penye heshima, na asinyimwe.

Tano, kijana asiende mikono mitupu. Na aende na Qur'ani yake, na Kiarabu alichokianza madrasani akiendeleze, kwani lugha hiyo ni ya Umoja wa Mataifa na ya Umoja wa Afrika, na katika vyuo vya Ulaya wako waitafutao kwa fedha nyingi wakati sisi twaiacha kwenye juzuu amma.

Enyi vijana wetu, mlima huu umegawiwa kwa kalamu za watu ambao hawakupata kunywa maji yake, na bei ya jasho la babu zenu imepangwa katika vyumba ambavyo hawakupata kuviona. Someni mpate kujua ilivyofanyika. Na mkishajua, rudini mtufundishe, kwa Kiswahili chetu hiki, barazani na msikitini, maana elimu isiyorudi nyumbani ni kama maji ya mfongo yaliyopotea njiani kabla ya kufika shambani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie vijana wetu elimu yenye manufaa, na awape wazazi wetu subira na wasaa. Wabillahi tawfiq.